PTH ya mama: 178, kisha 14.9, kisha 236. Tuamini ipi?

Swali: Shikamoo daktari. Ninaandika kutoka Ujiji kwa ajili ya mama yangu mwenye miaka 61. Ana kisukari na presha kwa muda mrefu, na mwaka jana tuliambiwa figo zake zimefika hatua ya nne. Kipimo cha uchujaji wa figo zake ni 24. Hajaanza kusafishwa damu. Amepimwa mara tatu homoni iitwayo PTH. Januari, Dar es Salaam, ilikuwa 178. Mei alitolewa damu hapa Kigoma, sampuli ikapelekwa Mwanza kwa basi, majibu yakaja 14.9, tukamshukuru Mungu na kuacha kuhangaika. Septemba alikuwa Tabora kwa dada yangu, akapimwa huko, ikawa 236. Shangazi anasema rovu ndilo linaanza. Jirani yetu anayesafishwa damu ana 480 na ameambiwa hana tatizo, kwa hiyo wengine wanatuambia mama naye hana tatizo. Dada ameshanunua vidonge vya kalsiamu. Mama anatumia dawa zake zote, na tangu Aprili anakunywa pia vidonge vya nywele na kucha alivyoletewa na mkwe wake. Je, ugonjwa umepanda kiasi hicho kwa miezi minne? Na tukapime wapi tena? Nimekutumia picha za karatasi zote tatu.

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Umefanya jambo la maana sana kutuma karatasi zenyewe badala ya kunitajia namba peke yake, kwa sababu jibu la swali lako limo kwenye safu mbili za karatasi hizo ambazo watu wengi hawazisomi. Nianze na linalokunyima usingizi: hapana, karatasi hizi hazionyeshi kwamba ugonjwa wa mama ulishuka mwezi Mei kisha ukaruka mwezi Septemba. Nikizisoma kwa utaratibu unaofaa, zote tatu zinaelekea kusema jambo moja, kwamba homoni hii imepanda kiasi, kama tunavyotarajia kwa mtu mwenye uchujaji wa 24.

Tazama tena karatasi ya Mei. Mbele ya 14.9, kwa herufi ndogo, pameandikwa pmol/L, ilhali karatasi ya Januari na ya Septemba zimeandikwa pg/mL. Hivi ni vizio viwili tofauti vya kupimia kitu kilekile. Kwa homoni hii, pmol/L (pikomoli kwa lita) moja ni sawa na pg/mL (pikogramu kwa mililita) 9.4 hivi, kwa hiyo 14.9 ya Mei ukiigeuza inakuwa kama 140. Furaha mliyoipata Mei ilitokana na kizio, wala mama hakuwa amepona. Na hofu ya Septemba kwa sehemu kubwa imetokana na kizio hichohicho. Mashine nyingine huandika kwa pikogramu na nyingine kwa pikomoli, na mhudumu aliyewasomea majibu dirishani huenda hakuwa na karatasi ya Januari mkononi ili alinganishe.

Hata hivyo bado tunabaki na 178, 140 na 236, na mtu mwenye macho makali atauliza kama kutoka 140 hadi 236 si kupanda. Hapa ndipo safu ya pili inapohitajika, ile inayoonyesha viwango vya mtu mwenye afya. Karatasi ya Januari imeandika 15 hadi 65, ya Mei 1.6 hadi 6.9, na ya Septemba 18.5 hadi 88. Maabara ya Tabora haikujitungia viwango vyake. Mashine yake inatumia dawa za kupimia za kiwanda kingine, na dawa hizo humsomea hata mtu mzima wa afya namba kubwa zaidi. Ili uelewe kwa nini jambo kama hilo linaruhusiwa katika kipimo cha damu, inabidi nieleze kidogo homoni yenyewe.

PTH hutengenezwa na tezi za parathiroidi, ambazo kwa kawaida ni nne, kila moja ikiwa na ukubwa unaokaribia punje ya mchele, na zimejibana nyuma ya tezi ya shingo. Molekuli yake ni mnyororo wa amino asidi 84. Mnyororo mzima haukai katika damu zaidi ya dakika chache. Ini na figo huukatakata, na vipande vinavyobaki huondolewa hasa na figo. Kwa mtu mwenye figo nzima vipande havikai muda mrefu. Kwa mtu kama mama yako vinajazana, kwa kuwa mlango wa kutokea umebanwa. Kwa hiyo katika damu ya mgonjwa wa figo kuna homoni nzima inayofanya kazi, na kuna mabaki mengi ambayo hayafanyi kazi ileile, na swali gumu la maabara siku zote limekuwa jinsi ya kuhesabu ile nzima bila kuhesabu mabaki.

Chukua mfano wa mtu anayehesabu migebuka gizani pale mwaloni Kibirizi kwa kupapasa. Akishika mikia peke yake, atahesabu samaki mzima na kipande kisicho na kichwa vilevile. Ndivyo vilivyokuwa vipimo vya kwanza, vilivyoanzia kwa Solomon Berson na Rosalyn Yalow wa Marekani mwaka 1963: vilitumia kingamwili, yaani protini za kunasia homoni, za aina moja, na kwa wagonjwa wa figo vilitoa namba kubwa mno. Mwaka 1987 kikaja kipimo cha kizazi cha pili, kinachoshika sehemu mbili, mkiani na karibu na kichwa, na watu wakakiita kipimo cha homoni nzima. Miaka kama kumi baadaye ikagundulika kwamba mshiko wa kichwani haufiki mdomoni kabisa. Kipande kilichopoteza amino asidi sita za mwanzo bado kinahesabiwa kama samaki mzima, na kwa wagonjwa wa figo vipande vya namna hiyo vinaweza kukaribia nusu ya namba inayosomwa. Ndipo kikatengenezwa kizazi cha tatu, kinachoshika ncha yenyewe. Hiki husoma namba ndogo zaidi, lakini mpaka sasa haijathibitika kwamba kinamwongoza daktari wa figo vizuri zaidi, na ni ghali, kwa hiyo sehemu kubwa ya maabara zinaendelea na kizazi cha pili. Msijisumbue kukitafuta.

Tatizo ni kwamba hata ndani ya kizazi cha pili viwanda havilingani, kwa sababu kila kimoja kinatumia kingamwili zake na kinarekebisha mashine kwa kipimio chake. Mwaka 2006 watafiti wa Ufaransa walichapisha ulinganisho wa vipimo 15 kwa kutumia damu ya wagonjwa wanaosafishwa damu. Pale ambapo kipimo kilichochukuliwa kuwa cha kulinganishia kilisoma 150, vingine vilisoma kuanzia 83 hadi 323. Damu ni ileile. Nadhani kila familia inayouguza figo ingepaswa kuambiwa jambo hili siku ya kipimo cha kwanza, kwa sababu watu wanauza mbuzi na mashamba kukimbiza tofauti ambayo ni ya mashine.

Kwa sababu hiyo mwongozo wa mwaka 2009 wa KDIGO, shirika la kimataifa linalotunga miongozo ya tiba ya figo, haukuweka namba moja ya pikogramu kwa watu wote. Tunachukua majibu na kuyagawa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha kipimo hichohicho, ili tujue ni mara ngapi. Fanya hesabu hiyo kwa karatasi zako: Januari, 178 ukigawa kwa 65 unapata 2.7. Mei, 14.9 kwa 6.9 ni 2.2. Septemba, 236 kwa 88 ni 2.7. Januari na Septemba zimelingana kabisa, na Mei iko chini kidogo. Nikupe tahadhari kwamba njia hii nayo ina mapungufu yake, kwa kuwa kiwango cha juu kinategemea watu wenye afya ambao kiwanda kiliwapima, na kama baadhi yao walikuwa na upungufu wa vitamini D, kiwango hicho kinapanda bila sababu ya haki. Inasaidia kukadiria tu, na wala haigeuzi maabara mbili kuwa moja. Zaidi ya hayo, homoni hii hupanda na kushuka ndani ya mtu yuleyule kati ya siku na siku, kiasi kwamba badiliko la robo, hata katika maabara ileile, si sababu ya kubadilisha dawa.

Mei ilikuwa chini kwa nini? Huenda ni mabadiliko ya kawaida tu, lakini katika maelezo yako kuna mambo mawili ambayo sikuyapenda. La kwanza ni basi. Ikiwa damu ilichukuliwa katika kichupa cha kawaida cha seramu, ikakaa katika joto saa nyingi kabla ya kufika mashineni, homoni ilikuwa inavunjika njiani na namba ikashuka. Kichupa cha kifuniko cha zambarau, chenye dawa ya EDTA, huihifadhi PTH vizuri zaidi, hasa plazma (majimaji ya damu) ikitenganishwa mapema na kuwekwa baridi. Kichupa hichohicho lakini hakifai kupimia kalsiamu, maana dawa iliyomo huifunga kalsiamu, kwa hiyo mkiona mama anatolewa damu katika vichupa viwili msilalamike kwamba anamalizwa damu.

La pili ni vidonge vya nywele na kucha. Vingi vya aina hiyo vina biotini, aina ya vitamini B, kwa kiasi kikubwa kuliko mwili unavyohitaji, na baadhi ya mashine hutumia biotini katika mtego wake wa kunasia homoni. Biotini ya kidonge ikizidi katika damu huvuruga mtego huo na PTH husomeka ndogo kuliko ilivyo. Kwa mgonjwa wa figo biotini hutoka taratibu, kwa hiyo kuacha usiku mmoja kabla ya kipimo hakutoshi. Mama aviache kabisa mpaka daktari wake avione. Na kopo lenyewe mwende nalo kliniki, msitegemee kukumbuka jina.

Kuhusu shangazi, mwambie kwa upole kwamba hili si rovu. Rovu ni uvimbe wa tezi ya shingo, na mara nyingi huku kwetu limehusishwa na upungufu wa madini joto. Tezi za parathiroidi ni majirani wa tezi hiyo, ndipo zilipopata jina lake, lakini kazi yake ni kulinda kalsiamu ya damu. Chumvi yenye madini joto haitaishusha PTH ya mama, na kuongeza chumvi kutampandishia presha bure. Kama kuna uvimbe unaoonekana au unaoshikika shingoni, hilo ni suala jingine na linahitaji daktari aupime kwa mkono.

Kinachoipandisha PTH ni figo zenyewe. Figo ikipungua nguvu, fosfeti inayotoka katika chakula haitolewi yote. Mifupa inajibu kwa kumwaga homoni nyingine, FGF23, ambayo inailazimisha figo iliyobaki kutoa fosfeti zaidi, lakini wakati huohuo inapunguza utengenezaji wa vitamini D iliyo tayari kufanya kazi. Vitamini D ikipungua, utumbo haunyonyi kalsiamu vya kutosha, na tezi za parathiroidi zinaamshwa. PTH inapanda, inatoa kalsiamu mifupani na kuirudisha damuni, na inasukuma fosfeti ipite kwenye mkojo. Ndiyo sababu karatasi ya Septemba inaonyesha kalsiamu ya 2.2 na fosfeti ya 1.4, ambazo zote ziko ndani ya kawaida. Zimebaki hapo kwa sababu PTH imepanda. Kwa mtu wa hatua ya nne, kupanda kwa kiasi ni njia ya mwili kujirekebisha, na daktari anayeng'ang'ania kuirudisha chini ya 65 anaweza kuharibu kuliko kutengeneza. Wasiwasi huanza pale inapopanda kipimo baada ya kipimo bila kusimama, au pale kalsiamu na fosfeti zinapoanza kutoka nje ya mstari.

Jirani yenu wa 480 yuko katika kundi jingine. Kwa wanaosafishwa damu mwongozo unakubali mara mbili hadi mara tisa ya kiwango cha juu cha kawaida, kwa sababu mifupa yao haiisikii homoni vizuri na hesabu ya mabaki ni kubwa zaidi. Ikiwa maabara yake inatumia 65, basi yuko kama mara saba, na daktari wake ana haki ya kutulia. Kwa ambaye hajaanza kusafishwa damu hakuna namba iliyothibitishwa kuwa bora, tunafuata mwelekeo. Kwa hiyo namba ya jirani isiwatishe wala isiwafariji.

Sasa vidonge vya dada yako. Ninaelewa moyo wake: amesikia kalsiamu inatoka mifupani, akaona airudishe. Lakini kalsiamu ya mama haijapungua, na figo yake haiwezi kumwaga inayozidi. Kalsiamu ya ziada inakwenda kuganda kwenye mishipa ya damu na vali za moyo, na kwa mtu mwenye kisukari na presha hiyo ndiyo sehemu ya mwisho tunayotaka iguswe. Ikiishusha PTH kupita kiasi, mifupa nayo inalala, haijijengi upya. Vidonge viwekwe kabatini mpaka daktari aseme. Hali ni hiyohiyo kwa alfakalsidoli na kalsitrioli, ambazo ni vitamini D iliyokwisha kuandaliwa. Katika hatua ya mama, mwongozo wa mwaka 2017 unashauri zisitumike kama desturi, zibakizwe kwa yule ambaye PTH yake iko juu sana na inaendelea kupanda. Mtu akimpa leo kwa sababu ya 236 peke yake, muulizeni kwa adabu amelinganisha na nini.

Kinachostahili kufanywa kwanza ni kutafuta vitu vinavyorekebishika. Vitamini D ya kawaida haijawahi kupimwa katika karatasi zote tatu, na upungufu wake hauondolewi na ukweli kwamba tunaishi kwenye jua. Mtu mzima anayekaa ndani au anayejifunika hupungukiwa hata Kigoma. Fosfeti ya chakula nayo itazamwe. Najua swali linalofuata ni dagaa. Dagaa wa ziwa letu huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo ana fosfeti nyingi, lakini pia ni protini nzuri ya bei nafuu, na sipendi kumnyima mzee chakula chake kwa sababu ya karatasi. Apunguze sahani, asile kila siku, na kwanza aondoe soda nyeusi, soseji na vyakula vya viwandani, kwa kuwa fosfeti inayowekwa kiwandani hunyonywa karibu yote, wakati ile ya maharage hunyonywa kwa sehemu tu. Mpango kamili auandike mtaalamu wa lishe, maana ana kisukari pia, na kupunguza chakula bila mpango kunaweza kumletea kushuka kwa sukari akiwa kwenye insulini.

Mkapime wapi? Mahali pale ambapo mnaweza kurudi. Mashine bora ya Dar es Salaam mnayoifikia mara moja kwa bahati ina faida ndogo kuliko ya kawaida mtakayoitumia miaka mitano mfululizo. Chagueni maabara inayohudumia kliniki anakofuatiliwa mama, hata kama ni Kigoma na sampuli inasafirishwa, ila ulizeni mambo matatu: sampuli inakwenda maabara gani, je, ni ileile kila mara, na inasafiri katika kichupa gani na baridi gani. Damu ichukuliwe asubuhi, saa zilezile kila mara, na siku hiyohiyo apimwe kalsiamu, fosfeti, albumini, alkalini fosfatasi, bikaboneti na vitamini D. Kwa hatua ya nne, PTH kila baada ya miezi sita hadi kumi na miwili inatosha, na sioni sababu ya kurudia kesho kwa hofu. Ningependa apimwe mwezi wa tatu mwakani katika maabara mtakayoichagua, hicho kihesabiwe kuwa kipimo cha kwanza, na hizi tatu za zamani zibaki kwenye faili zikiwa na vizio na viwango vyake vimeandikwa kando. Ikitokea maabara ikabadilisha mashine, waombeni wapime sampuli moja kwa njia zote mbili. Si wote watakubali, lakini kuomba si kosa.

Yapo mambo ambayo hayasubiri mwezi wa tatu. Akianza kufa ganzi kuzunguka midomo na vidole, misuli kukakamaa, au kupata degedege, kalsiamu inaweza kuwa imeshuka na anahitaji hospitali siku hiyohiyo. Kiu isiyoisha, choo kigumu, ulegevu na kuchanganyikiwa vinaweza kuwa dalili za kalsiamu kuzidi, hasa ikiwa vidonge vya dada vilishaanza kutumika kabla hujaniandikia. Kwa hali hiyo apimwe kalsiamu wiki hii. Maumivu ya mifupa yanayoongezeka au kuvunjika kwa kuanguka kidogo yaonwe na daktari ndani ya siku chache. Na mkojo ukipungua, miguu ikivimba, pumzi ikibana akilala au kutapika kusikokoma, msihangaike na PTH hata kidogo: mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa mara moja, mkiwa na orodha ya dawa zake na karatasi ya karibuni ya kreatinini (kipimo cha figo).